Gari la Msiba Lisilo na Maiti

Siku hizi mtu akitaka kujua kama gari lake limesajiliwa kulipia barabara kwa njia ya elektroniki, anaandika namba ya gari kwenye simu, anapiga chafya, na kabla hajajifuta pua jibu limeshafika. Mwanangu alinionyesha hivyo juzi, nikacheka mpaka akaudhika. Sikuwa namcheka yeye. Nilikumbuka namna sisi tulivyolitafuta jibu hilohilo kwenye kizuizi cha kati ya Bukoba na Muleba, mjomba wangu akiwa ameegemea dirisha la pikapu, na jua likikimbilia Karagwe kana kwamba huko wameivisha ndizi.

Kizuizi chenyewe kilikuwa gogo. Lililazwa barabarani wakati wa vita, kuwatafuta majasusi. Vita vikaisha, askari wakarudi makwao, gogo likabaki. Likatafuta kazi nyingine. Kwanza lilikamata kahawa ya magendo, baadaye likapewa ushuru wa halmashauri, na kwa jinsi lilivyoogopwa, nadhani lingegombea udiwani lingepita bila kupingwa.

Mwanzoni ushuru ulilipwa palepale gogoni. Lakini fedha za gogoni zilikuwa na tabia ya kupotea kabla ya kufika ofisini, ingawa barabara ilikuwa moja na haina njia panda ya maana. Basi wakubwa wakabadili utaratibu. Hakuna kupokea hata senti kizuizini. Mwenye gari analipa mjini Bukoba, gari linasajiliwa, na aliyeko gogoni kazi yake ni kuuliza mjini kwa simu ya upepo kama namba hiyo imo. Ikiwamo, gogo linanyanyuka. Isipokuwamo, geuza gari. Ulikuwa utaratibu mzuri sana, ila ulitegemea betri, hali ya hewa, na kama mtu wa mjini hajaenda kunywa chai.

Mimi wakati huo nilikuwa dereva wa mwenye duka mmoja mjini, katika Wahindi wachache waliokuwa wamebaki. Alizaliwa Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa safi kuliko changu. Akikasirika alitukana kwa methali. Mchana niliendesha pikapu yake, jioni nilikaa darasani na watu wazima wenzangu, tukisoma kwa taa ya chemli mpaka nyusi zinanuka moshi. Nilihitimu, na cheti ninacho. Lakini mengi niliyonayo kichwani niliyapata kwenye ile pikapu, ambayo kwa umri wake nafikiri Nuhu aliiacha nje ya safina kwa sababu ilikataa kuwaka.

Ilikuwa miaka ya ule ugonjwa. Hatukuutaja. Tulisema fulani amekonda, fulani amerudi nyumbani, na kila mtu alielewa. Waliofia mjini ilibidi wapelekwe kwao, wakazikwe kwenye vibanja vyao, katikati ya migomba. Magari yalikuwa haba. Mwenye duka hakuwahi kumnyima mtu pikapu. Basi nikawa nabeba wafu, leo Muleba, kesho Kamachumu, keshokutwa tena Muleba, hadi ikafika mahali nikisimama mbele ya nyumba ya watu kuuliza njia tu, wenyeji wanaanza kuhesabiana ndani.

Mbele ya pikapu tulifunga tawi bichi, alama ya msiba. Wafu hawakutozwa ushuru. Nilipokaribia kizuizi, gogo lilikuwa juu kabla sijapunguza mwendo, na watu pale walivua kofia. Nilizoea heshima ile. Sikuwahi hata kujiuliza gari letu limesajiliwa vipi.

Sasa mjomba.

Mjomba wangu alikuwa na kibanja Kagoma, mbele ya Muleba. Alikinunua kwa jasho la kahawa yake mwenyewe, lakini mdogo wake alikiita kibanja cha ukoo, kana kwamba ukoo mzima uliwahi kuja kupalilia. Mjomba alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekuwa akiishi Kibeta, mjini Bukoba, na kushona nguo. Mke wa mjomba alipougua, aliletwa hospitali mjini kwa binti yake, na huko akafa. Niliipeleka habari hiyo mimi mwenyewe mpaka Kagoma. Nikamchukua mjomba, tukafunga tawi, tukaja kumchukua marehemu tumpeleke nyumbani. Hatukumpeleka. Mdogo wake mjomba alituma neno: mwanamke yule ndiye aliyeleta ugonjwa, na hatalazwa kwenye udongo wa ukoo.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wa neno hilo. Kwetu kaburi lina nguvu kuliko karatasi. Aliye na kaburi la mama yake kwenye kibanja, hafukuzwi hapo kirahisi. Mdogo wake mjomba alikuwa anakimbizana na kaburi.

Basi mke huyo wa mjomba tulimzika Kibeta, kwenye kipande cha ardhi cha binti yake. Tulipomaliza, mjomba alisema anapumzika kidogo. Alipumzika miezi, palepale kwa binti yake. Ugonjwa ulikuwa umemshika yeye pia, ukamfyonza mpaka koti lake likawa linamvaa yeye. Na huko Kagoma mdogo wake akaanza kukata ndizi za kaka yake, kisha akafunga mbuzi wake humo.

Njia ilikuwa moja. Mwenye kibanja akitaka kumpa mtu wake, hata binti, anakwenda akiwa hai, mbele ya wazee na majirani, anaonyesha mipaka kwa mkono na kusema kwa mdomo. Mipaka yetu ni milamula, ile mimea mirefu yenye majani kama panga inayopandwa pembeni mwa kibanja na hainyauki hata ukiilaani. Mjomba alipaswa kuizunguka yote. Akifa kabla, neno lake limekufa naye.

Wazee walipatikana kwa shida, maana kila siku ilikuwa na kaburi lake. Hatimaye wakatuma habari: njooni siku fulani, tutakuwapo mpaka jua lizame. Mdogo wake mjomba akakubali, akaongeza la kwake: asipofika siku hiyo, shauri hilo lisiletwe tena.

Nilimwomba mwenye duka pikapu.

"Mzee," nikamwambia, "safari hii sibebi maiti. Gari limesajiliwa lakini? Kizuizini siku hizi hawapokei fedha."

"Limesajiliwa!" akasema bila kuinua macho kwenye mzani wa sukari. "Nilikwenda mwenyewe. Wewe endesha, mengine niachie."

Nikaridhika. Mhitimu mzima, nikaridhika.

Tulitarajia kuondoka asubuhi, lakini asubuhi mjomba alikataa kusimama. Si yeye aliyekataa, ni miguu. Tukampa uji, uji ukarudi. Tukampa tena. Jua lilikuwa limevuka utosi tulipomweka kwenye siti ya mbele, binti yake akiwa kati yetu, akimshikilia asianguke kila kona. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na mashimo yake yalikuwa ya aina ambayo ng'ombe angetumbukia akiwa mtamba, akatoka na ndama. Nilikwenda polepole kwa ajili ya mifupa ya mjomba, na haraka kwa ajili ya jua. Jaribu siku moja kufanya yote mawili kwa mguu mmoja. Kemondo tulipita bila kusimama. Mjomba alitazama ziwa.

Tulipofika kizuizini, gogo halikunyanyuka.

Nilipiga honi. Gogo likabaki pale pale. Akatoka mama mmoja wa mgambo, mnene, kofia imeinama upande, mwenyewe nikimfahamu kwa kupungiana mikono tu. Akaizunguka pikapu kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Dereva wa maiti!" akasema. "Leo tawi umelisahau wapi?"

"Leo nimebeba wazima, dada."

"Wazima?" Akachungulia ndani. Akamwona mjomba, akashusha sauti. "Haya, shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Basi tusubiri kidogo niulize mjini kama wazima wenu wamelipiwa."

"Limesajiliwa," nikasema. "Mwenyewe amekwenda."

"Kila mwenye gari amekwenda mwenyewe," akasema. "Ni magari tu ndiyo hayakufika."

Akaingia kibandani. Tulimsikia akiita mjini. Simu ya upepo ilikuwa inakoroma kama mtu aliyelala chali. Akaita tena. Hakuna. Akatoka mlangoni, akasema mtu wa mjini hayupo kwenye mashine, akarudi ndani. Nilitazama kivuli cha kibanda. Kilikuwa kimeanza kuvuka barabara. Ndani ya gari pumzi ya mjomba ilikuwa ikitoka na sauti ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta, na kila iliposimama binti yake naye aliacha kupumua. Mimi niliacha kupumua pamoja nao. Nadhani hata pikapu iliacha.

Mwishowe sauti ikaja kutoka mjini, ya mwanamume, kavu, imejaa mchanga.

"Kizuizi, endelea."

Mama wa mgambo akasoma namba yetu, tarakimu moja moja. Sauti ikasema:

"Imo. Ova."

Niliruka nikagonga kichwa kwenye paa la gari. Binti akaanza kucheka. Lakini mashine ikakoroma tena.

"Imo upande wa misiba. Gari hilo limesajiliwa kupita bure likiwa na maiti, au likirudi kutoka mazikoni. Kwa safari nyingine halijalipiwa. Maiti ipo? Ova."

Mama wa mgambo akatutazama sisi watatu kwa zamu. Mwenye duka hakusema uongo. Alikwenda mwenyewe, akalisajili kwa kazi aliyojua linafanya. Ni mimi niliyepita gogoni mara elfu na mia, kila mara na tawi mbele, mpaka nikadhani ni sura yangu inayofungua barabara.

"Mmesikia," akasema.

"Dada, pokea ushuru hapa hapa, kesho nitakwenda mjini kuandikisha."

"Aliyekuwa hapa kabla yangu alipokea hapa hapa. Sasa yuko kwao analima mihogo. Nina watoto, dereva. Geuza."

Kugeuza maana yake ni kufika Bukoba ofisi zimefungwa. Na Kagoma wazee wangenyanyuka, wakapangusa nyasi matakoni, wakaenda zao. Nilishuka. Nikamvuta mama wa mgambo pembeni, na hapo elimu yangu ya jioni ikanipa wazo.

"Nikifunga tawi?"

"Tawi bila maiti ni jani tu."

"Mzee akijilaza nyuma? Tumfunike. Wewe utanyanyua gogo ulivyozoea, hutamwambia mtu uongo. Umeona tawi, umeona aliyefunikwa. Basi."

Hakukubali, hakukataa. Alitazama barabara upande huu na upande ule. Nikalichukua hilo kuwa ni ndiyo, nikakata tawi la mti wa karibu, nikaenda kufunga mbele ya gari. Binti wa mjomba akaruka nje kama amechomwa.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nampitisha baba yako."

"Unampitisha wapi? Utamchuria baba yangu? Watu watakaoona gari hili njia nzima watapiga magoti, habari itafika Kagoma kabla yetu kwamba amekufa! Baba mdogo atakuwa ameshakaa kwenye kiti chake tukifika!"

"Akifika akainuka wataona ni mzima."

"Na asipoinuka?" akasema.

Tawi lilikuwa mkononi, utomvu unanata vidoleni. Tulikuwa tunanong'ona, lakini minong'ono ya watu waliokasirika husikika mbali, na mjomba alikuwa ameshusha kioo.

"Mwanangu," akaita. Nikadhani ni binti yake anaitwa, kumbe ni mama wa mgambo. Akasogea dirishani. "Huyo mtu wa mjini alisema nini mwishoni? Masikio yangu yamechoka. Likiwa na maiti, au nini?"

"Au likirudi kutoka mazikoni, mzee. Maana waombolezaji lazima warudi kwao."

"Na sisi tunatoka wapi?"

"Sijui, mzee."

"Muulize dereva wako wa maiti."

Mama wa mgambo akanigeukia. Nami nilikuwa nimesimama kama nguzo ya lango, sielewi.

"Alinichukua kwangu Kagoma," mjomba akasema. Alikuwa akisema maneno machache, anapumzika, anaendelea. "Na hili hili gari. Mbele kulikuwa na tawi. Nikaja kumzika mke wangu. Nikamzika Kibeta. Tangu hapo sijafika nyumbani. Nimelala njiani tu. Ndiyo leo narudi."

Mama wa mgambo akasimama wima.

"Lini hiyo, mzee?"

"Ilikuwa msimu wa senene."

Senene walikuwa wamekuja, wakaliwa, wakaenda, na mvua za masika zilikuwa zimeshapita juu yao. Niliona anapiga hesabu hiyo kichwani.

"Wewe ndiye uliyekaa nyuma," akasema taratibu. "Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikupigia kelele uhamie mbele, ukatikisa kichwa."

"Nilikataa, kwa kuwa nilikwenda kumchukua yeye, na nyuma ndiko angekaa."

Akavua kofia. Akaivaa tena, nadhani kwa kukumbuka kwamba hakuna aliyekufa. Akaingia kibandani. Nilitamani kukimbilia kwenye mashine ile nizungumze mwenyewe, kwa Kiswahili changu chote cha darasani, lakini miguu yangu ilikuwa imeiga ya mjomba.

"Bukoba, hapa kizuizi. Ova."

"Kizuizi, nilidhani tumemaliza. Maiti ipo?"

"Maiti haipo. Ni waombolezaji wanarudi kutoka mazikoni. Ova."

"Mazishi ya leo? Ova."

Mashine ikavuma. Tulisikia anavuta pumzi.

"Si ya leo. Ova."

"Ya jana?"

"Ya msimu wa senene."

Kicheko kikatoka mjini, kikakatika.

"Kizuizi, umekunywa lubisi? Hao wamechukua miezi yote hiyo kurudi?"

"Mfiwa aliugua huko huko msibani," akasema mama wa mgambo, na sauti yake ikapanda. "Hajakanyaga kwake tangu alipozika. Kitabu chako kinasema likirudi kutoka mazikoni, hakikusema lirudi baada ya muda gani. Kama kimesema, nisomee. Ova."

Mtu wa mjini akaenda kufunua kitabu, kwa muda ambao kwa hesabu yangu wajukuu wangu wangeweza kuzaliwa na kubatizwa. Jua lilikuwa limegusa vichwa vya migomba. Binti alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili. Mjomba peke yake ndiye aliyetulia, amefumba macho, na nikaogopa kutulia kule kuliko kitu kingine.

Sauti iliporudi haikuwa na mchanga.

"Mfiwa ana hali gani? Ova."

Mama wa mgambo akachungulia nje, akamtazama mjomba.

"Ya kurudi nyumbani," akasema. "Ova."

"Nyanyua. Na umpe pole yangu. Kizuizi, nimemaliza."

Alilinyanyua gogo mwenyewe, kwa mikono yake, kabla msaidizi hajasogea. Nikawasha gari. Tulipompita, mjomba alitoa mkono dirishani, akaugusa wa kwake.

Kutoka pale hadi Kagoma sitasema niliendesha vipi, mwenye duka asije akanisikia alipo. Niseme tu kwamba kuku wa Muhutwe na wa Muleba mjini waliambiana habari zangu kwa miaka mingi. Mashimo sikuyakwepa tena, niliyaruka. Binti alikuwa akimwambia baba yake, "Tata, tumefika Muhutwe. Tata, kile ni kilima cha kanisa. Tata, fumbua macho." Kila mara mjomba alifumbua jicho moja, akalifumba.

Tulipoingia Kagoma jua lilikuwa nusu. Wazee walikuwa wameshanyanyuka. Wawili walikuwa njiani, fimbo mkononi, wanarudi kwao. Niliwapita, nikafunga breki mbele yao, vumbi likawafunika, na kwa mara ya kwanza maishani nilitukanwa na mzee wa kanisa. Wakamwona aliyekuwa ndani. Wakageuka bila kuambiwa.

Mdogo wake mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya kaka yake, kahawa ya kutafuna iko shavuni. Alikuwa mtu mrefu, mzuri wa sura, na alituangalia kama anayeangalia mvua iliyonyesha siku ya kuanika.

"Jua limezama," akasema.

"Bado linaonekana," akasema mmoja wa wazee, akitweta.

"Haya. Azunguke basi. Mwenye kibanja huzunguka kwa miguu yake."

Mjomba hakuwa na miguu. Kila mtu aliona. Nilimshusha, nikamgeuzia mgongo, nikampandisha kama mama anavyobeba mtoto. Alikuwa mwepesi hivi kwamba nilimwuliza kama amepanda.

"Hiyo si miguu yake," akasema mdogo wake.

"Dada yangu ndiye aliyemzaa huyu," mjomba akasema juu ya bega langu. Sauti ilikuwa ndogo, lakini majirani waliisikia, na mama mmoja akaguna kwa kuridhika. "Damu ni hiyo hiyo. Twende."

Tukazunguka. Wazee nyuma yetu, majirani nyuma ya wazee, binti pembeni yangu. Kwenye kila mlamula nilisimama, mjomba akanyoosha mkono, akashika jani, akasema, "Huu ni wangu. Nampa binti yangu." Wazee wakasema, "Tumesikia." Tukaendelea. Mara nyingine sauti ilikwama, tukangoja, na mdogo wake akasema, "Aseme kwa mdomo," na tukangoja tena hadi neno lilipotoka. Giza lilikuwa linajaa kutokea chini, kwenye mashina ya migomba, na nilikuwa naogopa kupumzika, kwa kuwa nilihisi moyo wake kwenye mgongo wangu ukienda, ukisita, ukienda.

Upande wa bondeni njia ilikuwa nyembamba, na mbuzi wa mdogo wake walikuwa wamefungwa hapo hapo. Niliteleza. Tulikuwa tunaanguka wote wawili. Mjomba alirusha mkono hewani, na aliyekuwa karibu alikuwa mdogo wake.

"Nishike," mjomba akasema. "Nimechoka."

Sikumwona usoni. Niliona mkono mmoja mrefu ukija, ukakaa chini ya kwapa la kaka yake, ukabeba nusu ya uzito wake, ingawa alikuwa hana uzito. Haukumwachia kwenye mlamula uliofuata, wala uliofuata huo. Aliendelea kutembea nasi hivyo, na pale mjomba aliposema nampa binti yangu, wazee wakaitikia. Yeye hakuitikia. Lakini hakusema tena habari ya mdomo wala ya miguu.

Ulibaki upande mmoja. Njia ya kuufikia ilikuwa imezibwa na majani makavu ya migomba yaliyoachwa kuning'inia tangu msimu uliopita, maana aliyekuwa akikata ndizi humo hakuwa akipunguza majani. Kwetu kupunguza majani ni kazi ya mwenye kibanja. Mgeni anaweza kukutekea maji, akakufagilia uwanja, lakini hagusi migomba yako na panga. Tukasimama. Wazee wakatazamana.

Binti wa mjomba alimwomba jirani panga. Akapita mbele yangu, akaanza kukata, jani la kwanza, la pili, akiyasukuma pembeni kwa mguu ili baba yake apite. Nilimtazama baba yake mdogo. Alikuwa amemshika kaka yake kwa mikono miwili, na alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kulima:

"Kata chini kidogo, karibu na shina. Hapo juu yataoza."

Akakata chini.